Mama Mashine wa Salama

Kwenye karakana yetu ya milango ya chuma pale mjini Salama, kila mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Mimi ni Mama Muli. Mwenzetu Kalondu hakuwa na mtoto, basi tukamwita Mama Mashine, naye akaitika.

Alitoka Mutomo, upande wa Kitui, akakodi chumba kimoja nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga mahindi. Miaka tisa aliendesha mashine ya rangi ya unga. Unaingia kwenye kibanda cha vioo, unavaa maski mpaka unafanana na nguruwe, halafu unarushia chuma unga kwa bunduki ya rangi. Umeme ndio hufanya unga ushike. Baadaye mlango huingia kwenye oveni, rangi ikaiva kama mkate. Siku nzima huongei na mtu.

Saa saba sisi tulikula pamoja chini ya mabati. Yeye unga ulikuwa umemjaa mpaka kwenye nyusi, kwa hivyo alikula peke yake mlangoni pa kibanda. Hatukumwita. Nani anataka mahindi yake ya muthokoi yageuke bluu?

"Mama Mashine, leo umepika rangi gani?" nilikuwa namtania nikipita.

"Kijani. Lete sahani, mwaitu, mama, nikupakulie uache maneno!"

Alicheka sana kuliko utani wenyewe. Alikuwa anangoja tu mtu amuulize kitu, na mimi nilikuwa napita.

Kazi yangu ilikuwa kutundika vyuma kwenye kulabu. Kila jioni kulabu lazima zikwanguliwe, maana rangi ya jana ikibaki, umeme haupiti. Ijumaa moja nilikuwa na haraka ya mkutano wa akina mama kanisani. Sikukwangua. Nilisema, nani ataona?

Jumatatu tulikuwa na madirisha arobaini ya shule. Kalondu alinigongea kioo, akanionyesha kulabu. Nikamjibu kwa mkono: ziko sawa, endelea. Akaniamini, akaendelea.

Madirisha yalitoka kwenye oveni na mabaka kama mbuzi wa Makueni.

"Huu upuzi ni wa nani?" Chege, msimamizi wetu, alipiga kelele.

"Kulabu ni chafu, Bwana Chege," Kalondu alisema.

"Mama Muli, ulikwangua?"

Mimi niliyezoea kumjibu hata pasta, ulimi ulikuwa mwepesi kwa uongo. "Nilikwangua. Mwenye bunduki aeleze alivyorusha."

Kalondu alivua maski. "Wewe, Mama Muli?"

Chege akauliza kama kuna mtu wa kumtetea. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Wote walitazama viatu. Wangesema nini? Miaka tisa, na hakuna hata mmoja aliyejua kwake kuna nani.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amefutwa kazi, yuko barabarani na begi moja, akingoja gari la Kitui. Mashine nikapewa mimi, eti naielewa.

Sasa nakwangua kulabu mwenyewe, moja moja, hata zile safi. Kuna msichana anatundika, Mwongeli, mwenye mdomo kama wangu wa zamani. Saa saba anaenda na wenzake, mimi nabaki mlangoni na bakuli langu.

Juzi alipita akicheka. "Mama Mashine, leo ni rangi gani?"

Nikageuka kumtafuta Kalondu.