Kilomita Elfu Arobaini na Mbili

Mpaka leo nikimwona mtu amefungua mlango wa gari la mtumba akainama kusoma kilomita kabla hata hajainua boneti, namdharau papo hapo. Simjui, hajanikosea, pengine ni baba wa watu mwenye heshima zake, lakini namdharau. Ile namba pale kwenye dashibodi ni uvumi tu. Kauanzisha nani, na alikuwa anataka nini? Mnunuzi hayaulizi hayo. Anaona tarakimu chache, moyo unamwenda mbio, anafungua pochi. Nina haki ya kumdharau kwa sababu nimewahi kuwa yeye, tena bila kisingizio alichonacho yeye, maana baba yangu alikuwa fundi wa magari.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa, hukuhitaji tena kumnyenyekea karani wa ushirika ili uuze gunia, na sisi vijana wenye mdomo tulijikuta na fedha kabla ya kuwa na akili. Nilikuwa nanunua mahindi na maharage Mpui, napakia kwenye malori ya watu, nauza Mbeya. Misimu miwili tu, nikaanza kutembea Sumbawanga mjini na shati la hariri, vifungo vitatu wazi katika baridi ile ya Juni, makamasi yananichuruzika. Kila aliyepata chochote alitaka kionekane. Jamaa mmoja alifunga dishi la televisheni kubwa kuliko paa lililolibeba, na picha hakuipata hata siku moja. Tulimwita mtu wa maendeleo.

Mimi nilitaka saluni ya spoti. Ieleweke nilikuwa nataka nini: gari la milango minne lililolala chini, lenye injini ya hasira, matairi mapana na mabomba mawili ya moshi, katika mji ambao lami yake ungeimaliza kabla ya kumaliza sigara. Barabara nyingine zote zilikuwa vumbi kiangazi, tope masika, na mawe mwaka mzima. Mtu mwenye akili angenunua pikapu. Lakini mimi sikutaka gari la kunifikisha mahali. Nilitaka gari la kunitangulia, watu wajue nakuja.

Baba alikuwa fundi mkuu wa gereji ya misheni kwa miaka thelathini. Bruda wa Kizungu aliyemfundisha kazi alimwachia na ugonjwa wa kuandika. Kila gari lilikuwa na daftari lake la shule, limefungwa uzi na kuwekwa kwenye kisanduku cha dashibodi, na kila ukurasa baba aliupiga rula ukawa na safu nne: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, na sababu. Hiyo ya sababu aliiongeza mwenyewe. Kwake hakuna kitu kilichoharibika hivi hivi tu. Chujio la hewa: vumbi. Shokapu: mawe ya barabara ya Kasense. Breki: daktari anakimbia. Nyumbani tulimcheka kwa hilo, na mimi nilimcheka kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na yeye aliandika kwa herufi kubwa tupu.

Huyo daktari aliyekuwa anakimbia alikuwa Mzungu wa hospitali ya misheni. Alikuwa na saluni ya spoti ya kijivu aliyokuja nayo ikiwa mpya, na kwa miaka yote ile hakuna mkono ulioigusa injini yake ila wa baba. Mwaka alioamua kurudi kwao ndio mwaka baba alikuwa anastaafu. Jioni moja baba akaja chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akaketi ukingoni mwa kitanda, daftari mapajani.

"Daktari anauza gari," akasema. "Nimemwomba nikuletee wewe kwanza. Nimelitunza mwenyewe, najua liliugua lini na lilipona vipi. Ukilichukua wewe, kazi yangu itabaki nyumbani."

Hakuwahi kuniomba kitu maishani. Nililijua hilo hata wakati ule, na sitajifanya leo kwamba sikulijua. Mzee aliyelala chini ya magari ya watu kwa miaka thelathini alikuwa ananiomba, mimi mwanawe, niseme kwamba ile nayo ilikuwa kazi. Nikamuuliza lina kilomita ngapi.

"Laki mbili na elfu thelathini."

Nikacheka. Nikalichukua daftari, nikalipima uzito kwa kiganja. "Baba, hili si gari. Hili ni la kulazwa wodini."

Lazima niueleze upumbavu huu, kwa sababu haukuwa wangu peke yangu. Kwetu mgonjwa huenda hospitali na daftari lake mkononi, daktari humwandikia humo, na kadiri daftari linavyonenepa ndivyo majirani wanavyoanza kumzungumzia kwa sauti ya chini. Imani hiyo tuliihamishia kwenye magari bila kufikiri. Gari lenye daftari ni gonjwa. Gari zima ni lile ambalo halijaguswa spana. Wauzaji walitujua, na wengine walichoma madaftari kabla ya kutafuta mteja. Mtu alisimama sokoni akajisifu kwamba miaka sita gari lake halijaingia gereji, maana yake miaka sita linakunywa oili ileile, na sisi, wafanyabiashara wazima, tukatikisa vichwa kwa kuvutiwa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wiki nzima kulikuwa na gari jekundu linajitembeza mjini, aina ileile ya la daktari, toleo lilelile, ila hili lilikuwa limefungwa bawa nyuma na kubandikwa miali ya moto ubavuni. Mwenyewe alikuwa kijana wa biashara kama mimi, anavaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba.

"Mshikaji, elfu arobaini na mbili tu," akaniambia akigonga kioo cha dashibodi kwa kucha. "Halijaguswa spana hili. Nalitoa Jumapili, kanisani na kurudi. Liko poa kabisa."

Nilimwita baba aje alitazame. Sikumwita anishauri, nilikwisha kuamua. Nilimwita ashuhudie.

Alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akalizunguka gari bila haraka. Alifungua buti, akainua zulia, akanusa. "Limepanda na samaki," akasema. Akachuchumaa mlangoni akatazama pedeli. Raba ya klachi ilikuwa imelika ikabaki nyembamba kama kipande cha sabuni ya mwisho. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi akakaa huko kitambo, kisha akatoka akijipangusa mikono kwa kitambaa.

"Nati ya waya wa kilomita ina alama mpya za koleo," akaniambia. "Waya unafunguliwa gari litembee bila kuhesabu, kisha unafungwa. Na hata kama hizi elfu arobaini na mbili ni za kweli, ni za wapi? Kilomita hazilingani, mwanangu. Moja ya kupanda mlima wa Muze na magunia inakula gari kuliko mia za kwenda kanisani."

Muze iko chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Huko ndiko wachuuzi wetu walikofuata mchele na samaki, halafu wakarudi na mzigo juu ya ukingo ule wa Ufipa kwa barabara ya kona na changarawe, injini inalia gia ya kwanza kutoka chini hadi juu. Kila mtu mjini aliijua barabara hiyo. Mimi nilikuwa nimeipanda juu ya malori mara nyingi, nikinusa klachi zikiungua.

Mwenye gari akacheka. "Mzee, hayo ni mambo ya misheni. Siku hizi ni soko huria."

Nami nikacheka naye. Mbele ya baba, pamoja na yule mpumbavu wa miwani, nilicheka. Baba akakirudisha kitambaa mfukoni, akachukua baiskeli yake akaenda zake.

Gari la daktari lilinunuliwa na Msukuma mmoja aliyekuwa amehamia bondeni na ng'ombe wake, si mbali na Muze. Alifika nyumbani akamwamkia baba kwa kupiga makofi taratibu, magoti yamekunjwa, Kifipa chetu kabisa, mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyaacha kwa kuona yamepitwa na wakati. Kilomita hakuziulizia. Aliomba asomewe daftari. Baba akamwambia hili hapa, soma. Akakataa, akasema anataka kulisikia kwa mdomo wa aliyefanya kazi yenyewe. Basi baba akamsomea mchana kutwa, ukurasa kwa ukurasa, na yule bwana akawa anamkatiza: hapa liliponaje? Hii sababu, haikurudi tena?

"Ng'ombe sisi hatuulizi miaka tu," akanieleza nilipopita na kuwacheka kwa macho. "Tunauliza alikuwa kwa nani."

Baa nikawasimulia wenzangu kwamba kuna mchungaji kanunua mkweche wa Mzungu, na sasa anautafutia majani. Tulicheka sana. Naikumbuka meza ile na kila aliyekuwapo, na sioni hata mmoja wetu aliyestahili kupewa funguo za toroli.

Nililiendesha jekundu miezi mitano. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, iligonga kila jiwe kati ya soko na nyumbani. Bawa lilitikisika, na miali ya moto ilibanduka kwa jua. Katika mwezi huo wa mwisho nikashuka nalo Muze kutafuta mchele, na kwa kuwa nilikuwa mchoyo wa kukodi lori nikapakia magunia manne, mawili kwenye buti na mawili kiti cha nyuma. Kupanda, nikafika katikati ya mlima. Nikasikia harufu. Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma kwa fahari kubwa, na gari likaanza kurudi nyuma.

Nilikaa pale jua la utosi, mawe nimeweka nyuma ya matairi. Wanawake waliokuwa wanapanda na mizigo kichwani walinipita, mmoja akaniuliza, "Kaka, hilo bawa mbona usilipige ukaruka?" Lori lililopita lilikuwa limejaa hadi juu, dereva akaniahidi atafikisha habari nyumbani.

Alasiri gari la kijivu likashuka kona ya juu, Msukuma, ambaye siku hiyo alikuwa amelileta kwa baba, kwenye usukani, na baba pembeni yake na mnyororo miguuni. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akafungua boneti yangu, akanusa, akaifunga. Tukashusha magunia tukamwachia mtu wa jirani. Wakafunga mnyororo.

Gari lile la laki mbili na zaidi lilinivuta mlima mzima. Lilipumzika kila kona, na kila lilipopumzika baba, mstaafu wa miaka sitini, aliyekuwa anatembea nyuma yangu na jiwe mikononi, aliliinamia tairi langu la nyuma akalizuia nisirudi bondeni. Halafu analiokota jiwe lake, tunaendelea. Nilikuwa namwona kwenye kioo, chini ya bawa. Mimi nilikuwa nimekaa. Kazi yangu ilikuwa kushika usukani. Nilingoja aseme neno, hata tusi, na nilikuwa tayari kulipokea. Alichosema tangu chini hadi juu ni "Kaza breki" na "Haya, achia."

Sikumwomba radhi. Siku ile nilikuwa na aibu, kesho yake nikawa na kiburi, na baada ya hapo ikawa imepita, kama tunavyojidanganya. Jekundu likaishia uani kwetu, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Kilomita zake bado zilikuwa chache sana. Baba hakuwahi kulitaja. Aliendelea kulitengeneza la Msukuma kila lilipopanda kutoka bondeni, na jioni nilimkuta barazani akipiga rula kwenye kurasa.

Baba alifariki miaka kadhaa baadaye. Siku ya tatu ya msiba Msukuma akafika na gari lake la kijivu, likiwa limefikisha namba ambazo mnunuzi yeyote wa mjini angezikimbia. Baada ya kutoa pole alinishika mkono akanipeleka kwenye gari, akafungua kisanduku cha dashibodi. Madaftari yalikuwa matatu sasa, yameunganishwa kwa uzi.

"Kuna jambo nimekaa nalo," akasema. "Wiki ile tuliyokuvuta, mzee alinifungia klachi mpya. Nikamuuliza hii imekufa kwa nini, maana kabla ya hapo ilikuwa nzima. Akasema ameshaandika. Mimi macho hayaoni tena maandishi. Hebu nisomee aliandika nini."

Nilikuwa na hakika ya nitakachokikuta. Mlima, ama mzigo. Nikaufikia ukurasa, nikaisoma tarehe kwa sauti, nikasoma kilomita, nikasoma kazi: klachi mpya, ya zamani imeungua kwa kuvuta. Kisha nikafika safu ya nne, nikarudi kuikagua tarehe.

"Sababu?" akauliza Msukuma.

Ilikuwa kwa herufi zake kubwa, imenyooshwa kwa rula kama zote. Nikamsomea: "MWANANGU."