Mlango Uliotangulia Nyumba

Rangi nyekundu ya kuzuia kutu ina harufu inayokwama kooni, na mimi nililala nayo utoto wangu wote. Kila likizo ya shule Baba aliutoa mlango wa chuma nyuma ya kitanda chao, akaulaza juu ya matofali uani, akaupaka upya, kisha akaurudisha chumbani ungali mbichi kwa kuogopa wezi. Tulikuwa watu wanne katika chumba kimoja cha kupanga pale Makindu: Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Mwende. Mlango ulikuwa wa tano. Haukuwa wa chumba hicho, maana chumba kilikuwa na mlango wake wa mbao uliolia kila ukiguswa. Huu ulikuwa mlango wa nyumba ambayo hatukuwa nayo, kwenye ploti ambayo hatukuwa tumenunua. Tulipohama, nao ulihama. Kila mwenye mkokoteni alituuliza mlango huu ni wa wapi, na Baba alimjibu kwa uso mkavu kwamba nyumba inakuja.

Ulikuwa na sababu yake. Kabla sijaanza shule tulipanga upande wa stesheni, na mwezi mmoja Baba akachelewesha kodi. Mwenye nyumba hakugombana na mtu. Alisubiri tuende kanisani, akaja na bisibisi, akang'oa mlango na kuubeba kwake. Wenye nyumba wengi kwetu hufanya hivyo, na hakuna anayeshangaa. Usiku tuliokaa bila mlango Mama alitundika shuka mahali pale, akalala chini kizingitini ili mtu akiingia amkanyage yeye kwanza. Kazi ya Baba ilikuwa kuziba panchari za malori kando ya barabara ya Mombasa. Alipopata pesa ya maana alienda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea, akaagiza mlango wa chuma wenye komeo mbili. Mtu mwingine angeanza na ploti. Baba alianza na mlango.

Baba yangu ni mtu mwema. Nalisema hili mapema ili baadaye nipate nafasi ya kumlalamikia vizuri. Hakunywa, hakutupiga, na kila wiki aliweka akiba. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kungoja. Tungoje uchaguzi upite, kwa kuwa mwenye akili hanunui ardhi karibu na kura. Uchaguzi ukapita. Tungoje kwanza ajenge kwao Migwani, maana mwanamume akinunua mjini kabla ya kujenga nyumbani watu watasema amewakimbia wazee wake. Akajenga huko vyumba viwili tulivyolala Krismasi tu, akaviwekea mlango wa mbao. Ule wa chuma, alisema, ni wa nyumba ya Mama. Basi Mama akafurahi, akangoja. Baada ya hapo tungoje hati za ardhi zitoke, tungoje barabara ya ndani ichongwe tuone inapita wapi, tungoje, tungoje. Hadi leo mtu akiniambia neno hilo, hata kama ni chai inangojwa, nasikia damu ikipanda kichwani.

Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ya kukanyaga ilikaa kati ya kitanda chetu na jiko. Kuiweka nje barazani alikatazwa. Wapangaji wengine walisema inawazibia njia, na mwenye nyumba akawaunga mkono. Kwa hiyo alishona gizani mchana, mlango wazi, mgongo wake ukigusa ukuta na magoti yake yakigusa sufuria. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka baraza ambayo hakuna mtu angemwambia aondoke, na usiku mlango ambao funguo zake zote ziko kwake. Alikuwa akitwambia sisi watoto jinsi atakavyoiweka cherehani, upande wa kushoto, apate mwanga wa asubuhi.

Nilipokuwa darasa la sita, ploti ilikuja yenyewe kutupigia hodi. Karibu na kanisa letu la mabati aliishi mjane mmoja, Susu Kalekye. Susu kwetu ni nyanya, na yeye alikuwa susu wa kila mtu. Alikuwa na shamba lililofika hadi uzio wa kanisa, na kwenye kona ya juu palikuwa na mikau mitatu, miti yetu ya mbao, mirefu iliyonyooka. Siku moja alikuja kupimwa nguo ya ibada, na Mama akiwa amemzungushia tepu kiunoni, bibi huyo akasema, "Mwana wakwa, hiyo kipande ya juu nataka nikupatie wewe. Wengine wanakuja na magari kunisumbua, mimi nawaambia aiee. Ongea na bwanako." Akataja bei. Ilikuwa bei ya mtu anayechagua jirani. Mama akamshonea nguo ile, akakataa malipo.

Na pesa ilikuwepo, hilo ndilo linaloniuma. Ilikuwa kwenye akiba, imetimia, imekaa. Jioni hiyo, sisi watoto tukiwa nyuma ya pazia tukijifanya tumelala, tulimsikia Baba akisema tungoje Novemba.

"Novemba kuna nini?" Mama aliuliza.

"Kuna mvua, ama hakuna. Angalia hayo mawingu, hayana kitu. Mvua ikikosa, watu huku watauza bei ya kutupa. Susu mwenyewe atashusha."

"Na ikinyesha?"

"Haitanyesha."

"Na hao watu watakula nini?"

"Mama Syombua, mimi silimi mahindi. Mimi nalima panchari."

Yaani baba yangu, mzaliwa wa Migwani, aliyekula chakula cha msaada utotoni na kuchota maji kwa kuchimba mchanga wa mto mkavu, aliketi Makindu akingoja njaa ipunguze bei ya ploti. Hakuwa peke yake, nasema ukweli. Kwetu watu wengi wenye visenti hununua shamba, mbuzi na hata mabati wakati wenzao wamebanwa. Hesabu hiyo tumefundishwa na jua. Lakini wengine walikuwa na adabu ya kutoisema mbele ya watoto.

Jumapili moja mwezi wa Oktoba kanisa liliita maombi ya mvua. Wakulima walikuwa wameshapanda kavu kama kawaida yetu, mbegu ziko ardhini katika vumbi, na kila mtu alitembea akitazama juu. Baba alivaa koti lake la kijivu akaketi mbele, akafumba macho na kuitika Amina pamoja na wengine. Nilimwona Mama akimtazama kwa upande, midomo imebana. Halafu mchungaji akasema Mungu husikia upesi sauti za watoto, basi waje watoto waombe. Mwende alikuwa darasa la kwanza na alipenda sana kipaza sauti. Alikuwa wa kwanza kufika.

"Mungu Baba, asante kwa siku ya leo," alisema kwa sauti nzuri kabisa. "Tunaomba usilete mvua, ndio Susu ashushe bei, Baba anunue ploti, na ule mlango utoke kwa chumba yetu. Amina."

Wengine walishaitika Amina kwa mazoea kabla maneno hayajawafikia. Kisha pakawa kimya hata nikasikia mabati yakialika kwa joto juu yetu. Baba aliinama akaanza kufunga kamba za viatu vyake, na viatu hivyo havikuwa na kamba. Susu Kalekye, kwenye benchi la pili, hakugeuka. Mchungaji alianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, tukaimba wote kwa bidii ambayo kanisa hilo halikuwahi kuiona. Leo nacheka. Siku hiyo nilitaka sakafu inimeze.

Baada ya ibada Susu alimngojea Mama kando ya tangi la maji. Hakupandisha sauti. "Mimi nimepanda kunde, pojo na mahindi," alisema. "Kumbe nyinyi mko na maombi yenu pembeni."

"Susu, si mimi. Nakuapia si mimi."

"Najua si wewe. Lakini ukihamia hapo, utahamia peke yako?"

Mama alichukua mkoba wake mikononi mwangu, tukaondoka. Nyumbani hakugombana na Baba. Aliketi kwenye cherehani akashona hadi giza likaingia, akikanyaga kwa nguvu hadi vikombe vikalia mezani. Mwende alipouliza kosa lake ni nini, Mama alimkumbatia akamwambia hana kosa, ameomba tu alichosikia.

Mvua ikaja. Ilinyesha Novemba nzima na kuvuka Krismasi, pojo zikabeba, mahindi yakasimama, na Susu akavuna akajaza ghala. Hapo ndipo Baba alipogundua kwamba wakati umefika. Alivaa lile koti la kijivu, akabeba bei yote ya mwanzo bila kupunguza hata kidogo, akaenda. Susu alimpa chai na mahindi ya kuchemsha, akamwuliza habari za watoto, kisha akamwambia ploti imeshachukuliwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Murang'a. Baba alirudi ameshika hindi moja mkononi. Mama alilitazama hindi lile, akalichukua, akatugawia mimi na Mwende.

Na ukidhani mambo yaliishia hapo, hujui maisha. Mfanyabiashara yule alikata mikau yote mitatu, akajenga safu ya vyumba vya kupangisha. Mwaka uliofuata mwenye nyumba wetu alitaka chumba chake kwa ajili ya mwanawe, tukatafuta pengine, na palipopatikana palikuwa hapo. Tukahamia ile ile kona ya juu, kama wapangaji. Mlango wa chuma ukasimama nyuma ya kitanda juu ya ardhi uliyokusudiwa, na Baba akaendelea kuupaka rangi kila likizo. Mama aliomba kuweka cherehani barazani, akaambiwa itaziba njia.

Sasa mimi ni mtu mzima, nimepanga mjini Wote miaka mingi, na mume wangu Mutiso ni mtu mwema pia. Mwaka juzi alianza: tungoje riba ishuke, tungoje tuone bei zinaelekea wapi. Nilimsikia Baba akizungumza kwa mdomo wake. Nikampigia Mwende simu, tukaunganisha akiba zetu sisi wawili, tukamnunulia Mama kipande cha ardhi kule Kiboko wakati mbaya kuliko wote: bei iko juu, kura iko karibu, na mashamba yamejaa kijani. Mwende anasema mchango wake ni faini ya ile sala. Fundi alilalamika kwamba mlango wetu wa zamani ni mpana kuliko wa siku hizi, nikamwambia ajenge ukuta uufuate mlango. Wanangu walipouliza kwa nini unanuka hivyo, nilishindwa nianzie wapi.

Siku ya kuhamia tuliweka cherehani barazani, upande wa kushoto. Mama, nywele zote nyeupe sasa, aliingia ndani akafunga komeo zote mbili, akafungua, akafunga tena. Baba alikuwa amesimama uani, kofia mkononi, akizitazama ploti za majirani na kupiga hesabu.

"Syombua," aliniita. "Ungengoja kidogo, mwanangu. Hizi ploti za huku, mvua ikikosa, zitashuka."

Matone yalikuwa yameshaanza kulia juu ya mabati, na koti lake lilikuwa limelowa mabegani. Mama akafungua mlango wake.

"Baba Syombua, unanyeshewa," alisema. "Ingia ndani nifunge."