Uzi Mwekundu wa Somanna

Kila siku saa nne asubuhi Somanna alishuka kibandani akaagiza bai-tu: kahawa moja, glasi mbili. Nusu ya pili ilikuwa ya Bhagyamma, msimamizi wa mstari wa tatu wa washonaji, mwanamke mwenye ulimi unaokata kitambaa bila mkasi. Somanna ndiye aliyegawa. Alimimina huku, akamimina kule, akainama kuchungulia povu, akaongeza tone, akapunguza tone.

"Kaka, hiyo kahawa, si shamba la urithi," Bhagyamma alimwambia. "Kunywa."

"Pande zisipolingana, kuna mmoja atalalamika."

"Mimi hata unipe yote nitalalamika."

Somanna alikuwa fundi wa mtandao wa kiwanda cha mashati, pale Barabara ya Mysuru. Mfupi, kitambi, kalamu inayovuja mfukoni. Miaka kumi na tisa, na katika faili lake hamna hata mstari mmoja wa kosa. Jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko jina la mkewe.

Kilichokuwa kikimnyima raha ni swichi, yale masanduku bapa yenye matundu ya nyaya. Za zamani zilikuwa za kijani, za kampuni moja tangu kiwanda kifunguliwe. Mwaka huo meneja, Bwana Nanjundappa, akaleta nyeusi za kampuni nyingine kwa ajili ya jengo jipya, maana muuzaji alimwapia kwamba zinaelewana na chochote. Maneno hayo hata mshenga hathubutu kuyasema.

Hazikuelewana. Swichi mbili zikiunganishwa kwa nyaya mbili, lazima zipatane waya upi ufanye kazi na upi ulale. Zisipopatana, ujumbe unazunguka na kuzaana humo ndani mpaka mtandao wote unazimia. Sasa za kijani zilipatana kwa lugha ya kampuni yao, na nyeusi zilijua lugha ya wote tu. Kijani wakasema, weusi wakasikia kelele, na hakuna waya uliolala.

Somanna aliandika barua tatu akitaka za kijani zipangwe upya zitumie lugha ya wote. Kazi ya nusu saa. Nanjundappa akakataa, kwa kuwa kampuni ya kijani ilisema ukigusa mpangilio, dhamana imekufa. Basi Somanna akachomoa waya mmoja, akauacha unaning'inia. Ili mtu asije akauchomeka, akaufunga uzi mwekundu alioomba kwenye mstari wa Bhagyamma. Nyekundu ni hatari, nani hajui?

Ikafika Ayudha Puja, siku vyombo vya kazi vinapoabudiwa. Cherehani zikapakwa manjano na kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, mikasi ikavishwa maua. Swichi nazo zikawekewa ndimu na shada, zikakaa kama mabibi harusi wanaokonyeza wageni kwa vitaa. Na nyuzi nyekundu za baraka zikafungwa kila mahali penye pa kufunga, hadi mguu wa kiti cha mlinzi.

Somanna alikuwa juu akigawa bisi za mchele, kwa haki kabisa, punje kwa punje. Chini, katika chumba cha swichi, Nanjundappa alizungusha kafuri inayowaka mbele ya mitambo, Bhagyamma akimshikia sinia. Meneja akauona waya unaning'inia, na uzi wake mwekundu.

"Maskini, huyu kabarikiwa halafu kaanguka," akasema. Akauokota, akaugusisha jicho hili na jicho lile kwa heshima, akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi.

Kafuri haijazimika, mtandao ukafa. Mashine ya kukata ikasimama, skrini zikaganda. Lango la kutokea, lile linalofunguka kwa alama ya kidole, likagoma, na wanawake mia tatu wakabaki ndani na mifuko yao ya bisi.

Somanna akakimbilia kwenye mitambo. Akatafuta waya wake wa uzi mwekundu. Kila waya ulikuwa na uzi mwekundu.

Wakaitwa watu wa kampuni zote mbili. Wakaketi bega kwa bega, kila mmoja na kompyuta yake mapajani, wasitazamane.

"Mwambie upande wetu uko safi," wa kijani akamwambia Somanna.

"Mwambie wa kwetu safi zaidi," akasema wa nyeusi.

Bhagyamma akaingia na kahawa bai-tu awape. Kila mmoja akakataa nusu ya mwenzake.

"Mna wake nyumbani kweli nyinyi?" akasema. "Pale langoni kuna mama wawili wenye wachanga nyumbani, maziwa yanawatoka. Na wewe kaka, ule waya aliouokota bosi umeutazama?"

"Waya gani?"

"Huo hapo, chini ya shada. Kaubusu kwa macho kabisa."

Somanna akainua shada, akauchomoa. Vitaa vikatulia. Kutoka langoni zikasikika kelele za shangwe, na mtu mmoja akiporomosha matusi ya furaha.

Nanjundappa akafunga mlango wa chumba cha swichi. Akaandika ripoti ya kwenda kwa mwenye kiwanda, akaisoma kwa sauti: mtandao umekatika kwa sababu fundi alitumia alama isiyofaa kwenye waya.

"Alama kweli haikufaa, bosi," Somanna akasema. "Hilo liandike. Andika na aliyechomeka. Andika na barua zangu tatu."

"Mambo mengi yatamchosha mzee. Tia sahihi, Somanna. Mstari mmoja tu katika faili. Jumatatu uko kazini kama kawaida."

"Maelezo hayo yanatosha," akasema wa kijani.

"Yanatosha sana," akasema wa nyeusi, na kwa mara ya kwanza mchana ule akamgeukia mwenzake. Wakatabasamu. Wa kijani akachukua glasi moja ya kahawa, wa nyeusi akachukua nyingine.

Somanna akawatazama wanavyokunywa. Glasi hazikulingana, na hakuna aliyelalamika.

"Kumbe mnaelewana," akasema.

Akaitoa kalamu yake inayovuja, akaiweka juu ya ripoti, pale pa sahihi, ivujie hapo ikipenda. Akafungua uzi mwekundu kwenye ule waya, akajifunga mkononi. Waya akauacha mezani, mtupu, umefanana na wenzake wote.

"Kaka, unakwenda wapi?" Bhagyamma akauliza.

"Nyumbani. Jumatatu usiagize bai-tu. Agiza nzima."

"Hiyo nzima nitamlalamikia nani?"

Somanna akaufungua mlango. Alipita kati ya cherehani zenye maua, akafika langoni, akaweka kidole. Lango likafunguka bila ubishi, akatoka, na hakurudi.