Kambale wa Mzee Yakobo

Juzi katika soko la mji wa Baraka niliona kambale akirukaruka ndani ya beseni, nikamkumbuka Mzee Yakobo, Myahudi aliyetoka ng'ambo, akajenga nyumba za kupangisha kwetu, kisha maternite ya kujifungulia bure.

Mchana wa kuifungua, mama yangu ndiye aliyechaguliwa kumpikia. Kambale mzima aliiva katika mawese, harufu ikajaa uani. Mzee akaisukuma sahani. Mama akakaribia kulia. Mimi nilidhani mzee anaogopa sharubu za samaki.

"Mama, dini yangu inakataza samaki asiye na magamba."

"Kumbe na we uko na mwiko! Sisi hatukulaka nyani. Mutoto, kimbia ku ziwa!"

Wavuvi walinipa ngege hai, mwenye magamba, nikarudi mbio nikipiga kelele. Mama akampika, mzee akamla mpaka kichwa, na vigelegele vya mama vikashinda vile vya kufungua maternite.