Ndugu Saba wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mama yangu hupanga kurasa za vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, na kwenye kazi hiyo hana dogo. Akiona herufi zimebanana kwenye bango la barabarani, husimama kunung'unika mpaka tumvute mkono. Pia hana ndugu hata mmoja. Alizaliwa peke yake, akakua peke yake, nasi tukakua bila mjomba wala mama mdogo wa kutudekeza. Jambo hilo lilimuuma, ingawa alilifanyia mzaha.

Siku moja akaletewa kitabu cha mkunga mstaafu: orodha ya watoto elfu tatu aliowapokea, kutoka kwenye madaftari yake ya kazi. Mkunga alikuwa na sharti moja. Pacha wasitenganishwe, majina yao yawe kwa herufi nzito, yakumbatiwe na bano moja. Bosi akataka yapangwe kwa mkono. Mama akacheka. Wenzake walipokuwa wakichapa majina, yeye akaandika programu fupi, mistari kumi na miwili, ndani ya faili lenyewe la kitabu: kila mtoto akifika, mlinganishe na aliyemtangulia, tarehe ikiwa ileile na jina la mama lilelile, wafunge pamoja.

"Likitokea kosa moja tu," bosi akasema, "unafuta hayo madude yako na kurudia yote kwa mkono."

Asubuhi ya kumwonyesha mkunga nakala ya kwanza nilikuwepo, nimempelekea mama miwani aliyoisahau. Mkunga akafunua kurasa: pacha hawa, pacha wale, kila mmoja na mwenzake. Mama alinikonyeza. Hata bosi alianza kutabasamu.

Kwenye ukurasa wa arobaini na moja mkunga akauliza, "Mwanangu, huyu aliyezaa saba kwa mpigo ni nani?"

Mama akainama. Watoto saba, bano moja refu kama ngazi! Kwenye tarehe waliyozaliwa hao saba, majina ya mama zao yalikuwa yamefutika daftarini, wachapaji wakaacha nafasi wazi. Programu ikalinganisha pengo na pengo, ikaona ni sawasawa, ikawafanya ndugu.

Bosi alishafungua mdomo, lakini mkunga alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

"Paa lilivuja siku hiyo, daftari likalowa! Kitanda kikavu kilibaki kimoja. Nikawalaza wote saba, wakapigana mateke kutwa nzima. Hawa ni ndugu, jamani. Usiwaguse!"

"Lakini bibi, ni kosa…" Mama akaishia hapo. Kidole chake kilikuwa kwenye jina la tatu. Lilikuwa lake, na tarehe ilikuwa yake ya kuzaliwa.

Nikamwona mama yangu, mtu mzima, akirukaruka katikati ya ofisi na kumkumbatia bosi. Kisha akaketi, akaongeza mistari miwili: jina la mama likikosekana, usifunge, isipokuwa tarehe hii.

Siku ya kuzindua kitabu walikuja wenzake watano. Wa sita hajapatikana, ila nafasi yake ndani ya bano ipo. Kwa mkupuo mmoja nikapata wajomba watatu, mama mkubwa na mama mdogo. Mama, wa tatu kuzaliwa, aliwaamkia kwa adabu wale wawili waliomtangulia. Halafu akamgeukia wa mwisho, baba wa watoto watano mwenye upara, akamwambia achomekee shati. Akachomekea.