Kadogo Anakuja Nyumbani

Kwetu Kenya mtu akipenda kitu hukifanya kidogo. Chai huwa kachai, nyumba huwa kanyumba, hata gari bovu linalosukumwa kila asubuhi huitwa kagari. Walimu wa Kiswahili walituchapa kwa ajili hiyo, nasi tukaendelea. Basi nilipoanza kupenda bastola, mimi mtu mzima mwenye mvi, fundi wa karakana ya mabasi, niliipa jina nililokuwa nalo karibu. Nikaiita Kadogo.

Aliyeniponza ni rafiki yangu, Mhindi wa Kisumu mwenye duka la misumari na makufuli mtaa wa Kenton, hapa London. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, hasa kwenye matusi. Kila Jumamosi nilipanda treni kutoka Walthamstow ninakoishi, naye akanichukua kwa gari hadi klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya jiji. Nilianza na bunduki kubwa, nikidhani ukubwa ndio utamu. Kila nikifyatua ilinipiga bega kana kwamba tunagombania shamba. Rafiki yangu aliniangalia nikijikanda, akasema, "Wewe umekuja kupumzika ama kupigana? Hebu shika hii."

Ilikuwa bastola ya silinda, ya risasi ndogo kabisa. Sheria za hapa hazitaki bastola fupi ya kufichika mfukoni, kwa hiyo mtutu wake umerefushwa hadi unachekesha, na nyuma ya mpini imetiwa fimbo ya chuma. Lakini tundu lake ni jembamba, penseli haipiti. Risasi yenyewe ni kipande cha madini laini, hakizidi punje ya haragwe. Ukiwa umeziba masikio, mlio wake ni kama jirani mwenye adabu anayebisha mlango.

Sijui nieleze vipi yaliyonipata baada ya hapo. Karakanani kunagongwa vyuma kutwa, na kichwa changu kilikuwa kimezoea kugongwa pamoja navyo. Pale nilivuta pumzi, nikaiachia nusu, na duara jeusi la shabaha likaanza kuyeyuka kingo zake. Silinda iligeuka polepole. Moshi mwepesi ulikaa chini ya taa bila haraka ya kwenda popote. Kuna nyakati sikujua kama nimeshafyatua au bado nafikiria kufyatua. Nilijaribu za wanachama wengine pia, nyeusi na nyeupe, za matundu sita na za matundu tisa, na kila moja ilikuwa na tabia yake. Bunduki kubwa sikuzigusa tena. Kwenye treni ya kurudi nilisinzia, silinda ikizunguka ndani ya kope zangu, na mara moja nilipitiliza kituo cha kubadilisha treni nikajikuta upande mwingine wa mto. Nilikuwa na furaha, sitaki kuficha.

Mke wangu ni Mkongo wa Bukavu. Tulioana ukubwani, hapahapa London, baada ya kukutana kanisani. Nilijua ana mdogo wake aliyepotea vitani akiwa mtoto, kwa sababu kila Mkongo mgeni akitokea kanisani humwendea na kumuuliza habari zake. Alipoteaje hakuniambia, nami sikuuliza. Kuhusu bastola alisema neno moja tu: "Ile ni mambo yako, Papa. Usinionyeshe tu."

Hatimaye nikawa karibu kupata leseni ya kuwa na yangu mwenyewe. Nilifunga kasha la chuma ukutani, chini ya ngazi, na polisi angekuja kulikagua. Jumapili moja alasiri rafiki yangu akanipigia simu kuniambia amepata mtu anayeuza ile niliyokuwa nikiitamani. Nilikuwa sebuleni. Nikaruka kama mtoto, nikapaza sauti, "Hatimaye! Kadogo anakuja nyumbani!"

Nilisema "anakuja". Kitu hakiji hivyo katika Kiswahili, mtu ndiye anayekuja hivyo. Lakini nilikuwa na mapenzi, na ulimi ukafuata mapenzi.

Mke wangu alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Uso wake ulikuwa wa msichana ambaye sikuwahi kukutana naye.

"Nani alimuona?" akauliza.

"Nani?"

"Kadogo! Nani alimuona? Iko wapi?"

Nami, mjinga, nikacheka. "Bastola, Mama. Naongea juu ya bastola."

Akakaa kwenye mkono wa kochi. Rafiki yangu bado alikuwa akiita hello, hello, ndani ya simu. Nikaikata.

"Kwetu, Papa," alisema, "kadogo haiko bunduki. Kadogo njo mwenye anabeba bunduki."

Akanieleza akitazama mikono yake. Askari waliofika kwao, basoda kama anavyowaita, walikuwa na watoto kati yao, na watu wote waliwaita hao watoto kadogo. Walimchukua mdogo wake njiani akitoka kuteka maji. Alimwona mara moja tu baadaye, kando ya barabara, bunduki ikimpita kimo. Alimwita, na mtoto hakugeuka.

"Lakini miye njo nilimuita vile wa kwanza," akasema. "Kwa nyumba. Alikuwa wa mwisho kuzaliwa, nikamuita Kadogo. Kisha basoda nao bakaita vile batoto yote, bakabapa bunduki. Sasa na weye."

Nilipiga magoti nikamshika mikono yenye unga. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Neno nililokuwa nalo lilikuwa lake.

Hakunikataza kitu, lakini bastola haikuja. Kasha nililing'oa, na matundu ya misumari bado sijayaziba. Klabu sikuacha. Nikisema niliacha nitakuwa mwongo: Jumamosi bado naenda, natumia bastola ya klabu, na moshi bado unakaa chini ya taa. Rafiki yangu akinitania kwa kuuliza kama mchumba wangu, yaani ile bastola, hajambo, namwambia apige zamu yake.

Nyumbani neno limerudi kwa mwenyewe. Analitumia sasa, bila mimi kutazamia, kati ya kukoroga na kuonja, nami husikiliza. Jumamosi iliyopita nilimkuta akipika sombe, mboga yao ya majani ya muhogo. "Kadogo hakukuwa anapenda sombe," akasema, akicheka. "Alikuwa anaificha chini ya sahani."

"Alikuwa anapenda nini?" nikamuuliza.

Akafungua kinywa kujibu. Akasimama pale na kijiko mkononi, akafikiri, akafikiri tena, na sufuria ikaanza kuungua, na hakukumbuka.