Kiboksi cha watafiti ndani ya friza yangu ya samaki

Friza niliyoinunua kwa jasho la kuuza dagaa hapa Katonga leo imenikimbizia mteja.

Asubuhi umeme ulikatika kwenye maabara ya watafiti, majirani zangu. Kijana wao mmoja, mstaarabu kabisa, akaniomba nimhifadhie kiboksi kwa kuwa mimi nina jenereta. Nikakubali. Jirani ni jirani, au siyo?

Mchana Mama Zawadi akaja kuchukua samaki wake, migebuka mia mbili wa arusi ya mwanawe. Kainama ndani ya friza, kaibuka na kile kiboksi.

"Dada Asha, mbona hapa pameandikwa protini ya BINADAMU?"

Wateja wengine wakarudi nyuma.

Nikampigia kijana, akaja mbio.

"Hakuna mtu aliyekatwa, mama zangu. Ni kimeng'enya, yaani protini kama ya mwilini mwetu, ila kimetengenezwa kwa kutumia bakteria. Ni cha utafiti tu."

"Bakteria tena?!" Mama Zawadi akaweka kapu chini.

Kijana akaapa kichupa kilichomo kwenye kiboksi kimefungwa vizuri, samaki hawana neno.

Nikaona hapo hapo pa kuokolea biashara. "Basi mdogo wangu, kaa. Nakukaangia mgebuka mmoja wa humu humu, umle mbele ya mama."

Akatazama samaki. Akatazama kiboksi chake.

"Dada, mimi nimeshiba."

Mama Zawadi kaenda kununua kwingine. Migebuka wote mia mbili wamenibakia.

Sasa nisaidieni, wenzangu: mtu anayejua kilichomo, kwa nini ashibe ghafla?